Michoro ya Barabarani: Ni Rangi Inayookoa Watu, au Ni Nafasi?

Takwimu inayonukuliwa zaidi na wapenzi wa michoro ya barabarani ilitolewa mwaka 2022. Bloomberg Philanthropies, shirika la hisani linalofadhili miji kupaka michoro juu ya lami, lilikabidhi kampuni ya uhandisi ya Sam Schwartz kazi ya kuchunguza maeneo 17 ya aina hiyo nchini Marekani. Ajali zilizohusisha waenda kwa miguu na waendesha baiskeli zilikuwa zimepungua kwa asilimia 50, na ajali za kujeruhi kwa asilimia 37. Kwa meya ambaye hazina yake imekauka, hizo ni habari tamu: makopo ya rangi, vijana wa mtaa, wikendi moja, na katikati ya jiji kunapitika.

Sizikatai takwimu hizo, ingawa maeneo 17 si mengi na aliyelipia utafiti ndiye huyo huyo anayelipia rangi. Kinachonisumbua ni nini hasa kilichofanya kazi. Miradi hii mara nyingi haiji na mchoro peke yake. Pembe ya makutano hupakwa rangi, kisha pembeni mwa rangi husimamishwa nguzo za plastiki au vyungu vikubwa vya maua. Dereva anayekata kona hawezi tena kuipita kwa kasi. Inabidi akunje usukani zaidi, na hapo mguu unatafuta breki wenyewe. Mwenda kwa miguu naye anasubiri akiwa mbele kidogo, anaonekana mapema, na hatua anazopiga mbele ya magari zinapungua. Ondoa maua yaliyochorwa, acha nguzo: nadhani sehemu kubwa ya faida itabaki. Ondoa nguzo, acha maua: sina hakika hata kidogo, na wanabodaboda wetu watakujibu kabla ya saa nne asubuhi.

Hata hivyo rangi ina kazi ambayo zege haliiwezi, nayo ni kujaribu. Mei 2009 New York ilifunga barabara ya Broadway kwa magari pale Times Square, katikati ya jiji, na kumwaga viti vya kukunja vya bei rahisi juu ya lami. Mwaka 2010 msanii Molly Dilworth akaitandaza lami hiyo michoro ya buluu na nyeupe, rangi zinazoakisi joto la jua kuliko lami tupu. Ripoti ya jiji ilionyesha majeraha ya waenda kwa miguu eneo hilo yamepungua kwa asilimia 35. Jaribio lilipokubalika ndipo yakaja mawe na zege, ujenzi uliokamilika 2017. Lingeshindwa, magari yangerudi bila hasara kubwa.

Wanaopinga nao si watu wa kupuuzwa. Jijini London, mwaka 2021, watetezi wa watu wenye ulemavu walilalamikia vivuko vya rangi rangi: mbwa waongozaji wa wasioona wamefunzwa kutambua mistari ya pundamilia, na mtu mwenye shida ya akili ya uzeeni anaweza kuona shimo mahali palipopakwa rangi nzito tu. Mamlaka ya usafiri ikasitisha kwa muda vivuko vipya vya aina hiyo. Hoja hii naiona nzito kuliko ile ya kwamba michoro huwapotezea madereva umakini. Dawa yake ipo: kivuko kibaki na mistari myeupe, mchoro ukae kwenye kona na viwanja.

Kisha kuna wepesi wa kufutika. Agosti 2025 jimbo la Florida, likitaja usalama barabarani, lilifuta usiku kivuko cha rangi za upinde wa mvua mjini Orlando, kilichowakumbuka watu 49 waliouawa katika klabu ya mashoga ya Pulse mwaka 2016. Ukingo wa zege hauondoki usiku mmoja.

Nairobi tunao mfano wetu. Mwaka 2019 kaunti ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, iliifanya Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya redio na simu uliokuwa umesongwa na matatu, kuwa ya mwelekeo mmoja, ikapanua vijia vya miguu. Kilichowapa watu njia pale ni upana. Kwa hiyo kaunti ikileta kesho pendekezo la kupaka michoro mtaa mwingine wa mjini, ningeliunga mkono kwa sharti moja: bajeti ya ukingo wa kudumu iandikwe kwenye karatasi ile ile, na tarehe yake.