Paja Kuungua Si Injini Kuchemsha

Jua la Januari likianza kuchoma, wapanda pikipiki za safari huuliza maswali ya aina moja: oili ipi inapoza zaidi, ekzosi ifungwe kitambaa gani, feni ya pili ikae wapi. Msikilize muulizaji mpaka mwisho, utagundua kinachomsumbua ni paja. Injini yake haijawahi kuchemsha hata siku moja. Yule ambaye injini yake imekaribia kunoki wala haulizi kitu, maana upepo unampiga, miguu imepoa, na fundi amemhakikishia kwamba pikipiki sasa inakula mafuta kidogo.

Joto la paja linatoka kwenye ekzosi na kwenye hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Linakera, na kwenye foleni ya Kimara linaweza kukufanya utamani kushuka utembee, lakini mara nyingi ni suala la umbo la pikipiki tu. Harley-Davidson kubwa za safari zina silinda ya nyuma iliyojificha karibu na kiti, haipati upepo kama ya mbele. Ndiyo maana baadhi yake zina mfumo wa kuikatia mafuta silinda hiyo pikipiki ikisimama na injini ikiwa ya moto, na kwenye matoleo ya 2014 baadhi zikawekewa maji yanayozunguka kwenye hedi, yaani kichwa cha silinda. Kiwanda chenyewe kimehangaika hivyo, wewe utaliondoa kwa chupa ya oili ya bei mbaya?

Dawa ya paja ni kukinga, basi. Karatasi ya kuzuia joto, ile yenye aluminiamu upande mmoja na nyuzi za kioo upande wa pili, ifungwe kati ya bomba na plastiki ya pembeni, na iachiwe nafasi ya hewa ya kama sentimita moja. Ikigusana na bomba inageuka kuwa pasi. Vaa suruali nene. Kitambaa cha kuzungushia ekzosi mimi nakikataa: kinanyonya maji ya mvua na matope, na bomba la chuma linaozea humo ndani bila wewe kuona.

Tuje kwenye joto linaloua.

Chukua pikipiki inayopozwa kwa upepo, iwe Boxer 150 au Himalayan ya cc 411, imebeba masanduku, hema na abiria, inapanda Kitonga kuelekea Iringa nyuma ya semi iliyojaa. Mwendo ni kilomita 25 kwa saa. Upepo unavuma kutoka nyuma kwa mwendo ule ule. Kwa injini, hapo hewa imesimama kabisa: inachoma mafuta kwa nguvu zote na hakuna kinachopita kwenye mapezi, yale mabati membamba yanayoizunguka silinda ili kuipoza. Jua la Mikumi halina kesi hapa. Pikipiki hiyo hiyo ingekwenda kilomita 80 kwa saa kwenye tambarare saa saba mchana bila tatizo lolote. Maadui ni mwendo mdogo, mzigo mkubwa na akseleta iliyofunguliwa sana.

Wengi wakifika hapo hung'ang'ania gia kubwa, wakidhani injini inayozunguka polepole ndiyo inayopumzika. Inateseka. Akseleta ikifunguliwa mpaka mwisho injini ikiwa mizunguko ya chini, mafuta huanza kujilipukia yenyewe ndani ya silinda, unasikia ule mlio kama kokoto kwenye kopo, na pampu ya oili nayo inasukuma kidogo. Shusha gia moja au mbili, funga akseleta mpaka nusu, acha injini izunguke kwa wepesi. Kama lori haliendi, pumzika pembeni palipo salama, zima, subiri lipate umbali, kisha panda kwa mwendo wako. Mlio wa kokoto ukisikika hata kwenye mwinuko mdogo, shuku mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga mapema, na ukishaijaza huna njia zaidi ya kwenda taratibu mpaka kituo kingine unachokiamini.

Lakini ukinipa nafasi ya kulaumu kitu kimoja tu, nitalaumu jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Kubana jeti ili kupunguza ulaji wa mafuta ni huduma inayouzwa kila mtaa: jeti kubwa ya namba 110 inatolewa, inawekwa ya 100, au ile ya zamani inazibwa kwa risasi ya kuchomelea na kutobolewa upya kwa waya. Kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli, petroli haichomwi tu, pia inapoza. Inapogeuka mvuke inabeba joto. Ukiipunguza, moto wa ndani unakuwa mkali na unachelewa kuisha, na vali ya ekzosi ndiyo inayokaangwa.

Ubaya wake unajificha kwenye mwinuko wa nchi. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nairobi karibu 1,800. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta hujikuta inatoa petroli nyingi kuliko hewa inayoingia. Fundi wa Mbeya akipunguza jeti, pikipiki inachangamka na mwenyewe anafurahi. Kisha anateremka nayo Chalinze na Dar, hewa inakuwa nzito, na jeti ile iliyotosha juu sasa ni ndogo mno. Pikipiki iliyofanyiwa tyuni Eldoret ikipelekwa Mombasa inakumbwa na yale yale. Zenye injeksheni zina sensa zinazojirekebisha. Za kabureta zinakutegemea wewe.

Kupima ni rahisi. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida barabara ikiwa wazi, vuta choki kidogo sana. Ikiwa pikipiki inaongeza nguvu, ilikuwa na njaa ya petroli. Ikikohoa na kuzama, mchanganyiko uko sawa au umezidi. Halafu soma plagi: panda mlima kwa nguvu kiasi, kisha kwa pamoja funga akseleta, shika krachi, zima injini bila kuiacha ingurume, egesha pembeni na ufungue plagi ikishapoa kiasi cha kushikika. Kaure, ule udongo wa kuchoma unaozunguka ncha ya plagi, ukiwa wa kahawia hafifu ni njema. Nyeupe kama chokaa, pikipiki inachoma kupita kiasi. Kabla hujamkimbilia mwenye jeti, kagua ule mpira unaounganisha kabureta na hedi, maana mpira uliopasuka unanyonya hewa ya wizi na kuleta dalili hizo hizo. Injini ikinguruma palepale, nyunyizia maji kidogo kuuzunguka kwa chupa ya kupulizia. Mlio ukibadilika umepata mwizi. Na usijaribu kutibu jeti kwa kubadilisha plagi. Ukitaka plagi baridi zaidi, kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi, yaani 8 ni baridi kuliko 7, ila kwa Bosch hesabu inakwenda kinyume.

Mapezi nayo yana habari yake. Tope la safari ya mvua likikaukia kati ya mapezi linakuwa blanketi. Litoe kwa kijiti cha mti na brashi injini ikiwa baridi. Angalia pia ulichofunga mbele: yale maturubai ya kukinga miguu kwenye gadi, taa mbili kubwa, begi la zana, vyote vinaiba upepo uliokusudiwa kupiga silinda. Kwenye mvua ya Nairobi turubai lina maana. Ukianza safari ya Voi, livue.

Kuhusu oili nitakuwa mfupi. Nyingi ya injini hizi ndogo hubeba lita moja na ushei tu, kwa hiyo kupungua kwa mililita 300 ni pengo kubwa. Pima pikipiki ikiwa wima, sehemu iliyo sawa, kila asubuhi ya safari. Chagua iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za oili ya pikipiki, kwa kuwa krachi inaogelea humo humo, na uzito uwe ule wa kitabu cha pikipiki. Kwa injini nyingi za upepo ni 20W-50 au 10W-40. Oili ya gari yenye dawa za kupunguza msuguano itafanya krachi iteleze, na krachi inayoteleza inaongeza joto lake.

Wenye rejeta hujiona wako salama, na hapo ndipo kifuniko kinapowaumbua. Kifuniko cha rejeta ni vali ya mgandamizo, na kwa pikipiki nyingi kinabana kama bari 1.1, hivyo maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, mgandamizo unapotea. Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati feni nyingi huwaka maji yakifika 100 au 105. Maana yake maji yanachemka kabla feni haijapata taarifa, na mwenye pikipiki ananunua feni mpya. Kifuniko ni bei ndogo, kibadilishe kwanza.

Kulanti, yaani maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa, ikiwa nzito haipozi zaidi. Maji ndiyo yanayobeba joto vizuri. Dawa ipo kwa ajili ya kutu, kuinua nyuzi za kuchemka na kuzuia barafu, ambayo hapa hatuna. Nusu kwa nusu ndiyo mwisho, na maji yawe yaliyosafishwa, yale ya betri yasiyo na asidi. Maji ya kisima yanaacha magaga kwenye mirija myembamba ya rejeta, na magaga hayatoki kwa maombi. Ukijaza, kifuniko kikiwa wazi na injini ikiwa imeanza baridi, iache ingurume mpaka themostati, vali inayofunguka kwa joto, ifunguke, huku ukiilaza pikipiki kushoto na kulia na kuminya mipira; mapovu yakiisha, ongeza na ufunge. Kitundu kidogo chini ya pampu ya maji kikidondosha, sili imekufa. Usikizibe kwa gundi. Na muoshaji asiielekeze mashine ya presha kwenye rejeta, kwani mapezi yake hulala kama majani ya bati.

Ukitaka kujua badala ya kukisia, kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza bila kugusa, kinatosha. Kina mtego mmoja: aluminiamu inayong'aa inakidanganya, kinasoma chini ya ukweli. Paka doa la rangi nyeusi ya ekzosi, ukubwa wa sarafu, karibu na plagi, jingine kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na upime hapo hapo kila siku. Oili ya nyuzi 100 hadi 120 isikutoe jasho. Ikipita 130, punguza mwendo.

Ikishachemsha, zima na usogee kivulini. Kuiacha ingurume "ipoe" kunasaidia tu penye feni inayofanya kazi. Injini ya upepo ikisimama huku inanguruma inazidi kujipika. Usiimwagie maji, chuma cha moto kikipigwa na baridi ya ghafla kinapinda au kupasuka. Kifuniko cha rejeta usikiguse kwa nusu saa nzima, kisha minya mpira wa juu kwanza: ukiwa mgumu, ngoja tena. Baada ya hapo fungua plagi uitazame kwenye mwanga. Ukiona vipunje vidogo vinavyometa vimeng'ang'ania kaure, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, na usafiri wa kurudi nyumbani ni Fuso.