Mguu wa Saa Nane Usiku

Kabla hamjaamini aliyoyaweka jirani yangu kwenye status, eti nilipanda darini uchi saa nane usiku: sikuwa uchi. Nilivaa kipensi.

Wa Moshi mnaelewa. Mchana bomba linakohoa hewa tu, usiku wa manane watu wamefunga koki zao, presha inapanda. Tanki langu la lita 250 liko darini, juu ya chumba cha wageni. Washa, kile kiraba cha kuzibia, ya valvu ya boya inayofunga maji tanki likijaa, imelika, kwa hiyo maji yakikaribia kujaa, mawimbi yanalirusha boya juu chini, valvu inafunga, inafungua, inafunga. Na lile bomba la nusu inchi, ambalo halikubanwa hata klipu moja, linapiga mbao: grrr-du-du-du! Mama mkwe, aliyeshuka kutoka Kibosho kuona mjukuu, alishaanza kukemea pepo.

Mkwe anakemea pepo, wewe utalala? Nikapanda na spana na tochi ya simu. Koki ya kufunga ni ile ya kwenye mita. Mimi nilifunga ile inayotoa maji tankini kwenda jikoni. Chekeni, nimezoea.

Nikashika mkono wa boya. Kelele, kimya. Nikajiona injinia. Nikaanza kulegeza nati inayounganisha bomba na valvu. Robo mzunguko: tone. Nusu: kauzi kembamba ka maji, puani. Nikasema niongeze kidogo. Bomba likachomoka, maji yakanipiga kifua, nikarudi nyuma hatua moja. Mbele kulikuwa na mbao. Nyuma, jipsamu tupu.

Mguu wa kulia ukatangulia. Unyayo ukahisi baridi ya chumbani, paja likakwama, kipensi kikapanda kisikotakiwa. Kutoka chini, kwa upole kabisa:

"Baba Glory, huo mguu ni wako?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kimya. Maji yanafuata paja, yanatiririka hadi kwenye godoro lake.

"Basi shusha na wa pili, au pandisha huo."

Mke akakimbilia mita, mimi nikachomolewa. Asubuhi fundi kaweka valvu mpya na boya lake, klipu kila sentimita 60, geti valvu, yaani koki ya maji yanayoingia tankini, kaifungua nusu tu. Kwenye mkono wa boya katundika kikopo cha mtindi kinachozama majini, kituliza mawimbi. Kelele zimeisha. Mama mkwe kaondoka na daladala la alfajiri, chai hakungoja.

Fundi jipsamu naye kaja kupima tobo. Akalitazama, akanitazama, akauliza navaa kiatu namba ngapi.