Abiria Mwenzangu wa Cape Point

Nieleweke kwanza: mimi nyani siwaogopi. Nimekulia Muheza, na likizo zote za shule ya msingi kazi yangu ilikuwa kuamia mahindi ya babu. Nyani, ngedere, kima, wote nimewarushia mawe. Kwa hiyo shemeji alipozima gari kwenye maegesho ya Cape Point, kule Afrika Kusini, akaanza kunipa semina ya nyani, nilimwangalia kama mtu anayemfundisha Mpemba kupika pweza.

"Shem, vioo juu, milango ifungwe, chakula kisionekane. Hawa wa huku wanafungua magari."

"Shem, mimi mtoto wa shamba."

Kibao cha onyo nacho kilikuwepo. Nikakipiga picha.

Tukapanda ngazi kwenda kwenye mnara wa taa. Upepo wa kule unaingilia puani unatokea masikioni, na mimi, kwa kudanganywa na jua la asubuhi la mjini, nilivaa shati la mikono mifupi. Juu nikatanua mikono nipigwe picha nikiwa kati ya bahari mbili. Shemeji, mwalimu wa historia hata akiwa likizo, akanishusha mikono: ncha ya kusini ya Afrika si hapa, ni Agulhas, kilomita kama 150 mbele.

Halafu akanishika mkono, somo likaanza. Taa hii iliwashwa mwaka 1860, mita 238 juu ya bahari, ili meli ziione kutoka mbali. Kumbe huko juu ndiko mawingu na ukungu vinakolala! Usiku ambao baharia anaitafuta, yenyewe imejifunika shuka. Mwaka 1911 meli ya Kireno, Lusitania, ikapanda mwamba wa Bellows huko chini. ("Siyo ile iliyozamishwa na Wajerumani," alisisitiza, huku midomo yangu ikigeuka rangi ya zambarau.) Ndipo wakajenga mnara mwingine chini zaidi, mita 87.

"Yaani walijenga taa inayoonekana na kila mtu isipokuwa mwenye shida," nikasema.

Hapo nilikosea. Alifurahi, akahamia kwenye lenzi. Nikaomba funguo nikachukue sweta.

Sweta lilikuwa kiti cha nyuma, ndani ya mfuko wa dada, pamoja na hotipoti ya maandazi ya iliki. Nikaingia nyuma, nikafunga mlango kwa ajili ya upepo, hotipoti nikaisogeza mbele. Kichwa kimo ndani ya sweta, mikono inatafuta njia, nikasikia mlango wa mbele unafunguka, kisha upepo ukaubamiza, pu!

"Shem, umewahi!" nikasema nikiwa humo humo ndani ya sweta.

Shem hakujibu. Ilijibu harufu.

Nilipochomoza, kwenye kiti cha dereva alikaa dume la nyani, kilo 30 na ushee, ametulia kama dereva wa daladala anayesubiri gari lijae. Hotipoti alishaifungua. Alichukua andazi moja, akalipasua katikati, akachungulia ndani kama dada anavyofanya akitaka kujua kama limeiva. Lilikuwa limeiva.

Nikavuta kitasa. Kinacheza tu. Shemeji ana watoto wawili wadogo, na milango ya nyuma kaiwekea kufuli la watoto, yote miwili. Vioo ni vya umeme; funguo ninazo, lakini pa kuziingiza ni pale karibu na magoti ya dereva.

Nikajikumbusha Muheza. "Hoyaa!"

Aligeuka taratibu, akapiga mwayo. Meno yale sikuwahi kuyaona kwenye mahindi ya babu. Neno lililonitoka sikulituma mimi: "Shikamoo."

Akarudi kwenye andazi.

Nikampigia shemeji, hapatikani. Nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza mlimani, washa, zima, washa, zima. Huko juu wingu lilishashuka. Si mnara, si shemeji. Walioniona ni watalii wa basi zima, nao walitoa simu zao wakarekodi.

Mwishowe akaja mlinzi wa nyani, mama mmoja mwenye fimbo, akafungua mlango wa mbele. Dume akashuka bila haraka, akaondoka na yaliyobaki. Mama akanifungulia na mimi, akaniuliza kwa Kiingereza kama tunafahamiana.

Shemeji alifika baada ya nusu saa, anachekelea.

"Umekosa uhondo, shem. Wingu liliachia kidogo nikaona taa inamulika huku chini, washa zima, washa zima, nikajiuliza ni mjinga gani yule. Haya, toa maandazi."