Boksi la steringi kwa mchanga wa Msimbati: kubwa, la mtumba, au lile lile?

Chini ya mkorosho kwenye gereji moja hapa Mtwara kuna Land Cruiser mkonga, ile ya kazi ya modeli HZJ75, boneti juu, tairi za mbele zimekatwa kulia. Chini ya boksi la steringi, chombo kinachopokea mzunguko wa usukani na kuugeuza kuwa nguvu ya kukata tairi, wametega karai, na ndani yake oili nyekundu imeshachanganyika na mchanga. Mwenye gari, rafiki yangu wa siku nyingi, anataka boksi hilo litupwe. Anataka aagize kubwa kutoka Marekani, lile la magari ya porini, afunge na tairi pana za inchi 33. Fundi hataki kusikia. "Mjomba, boksi hili halijafa." Nimewasikiliza wiki nzima, na kila mmoja ana hoja ambayo mwenzake hajaijibu.

Safari za rafiki yangu ni mbili. Siku za mapumziko anashuka Msimbati hadi Ruvula, njia ya mchanga, na maji yakipwa anapita ufukweni kabisa. Msimu wa korosho anakwenda Liwale, mara kwa Nachingwea, mara anazungukia Nangurukuru. Mvua ikishashika huko, udongo mweusi unanata kama ulimbo na malori yamechimba makorongo mawili marefu, kila gari linaburuzwa humo humo.

Nianze na upande wake, maana ndio unaochekwa bure. Mchanga unaisumbua steringi kuliko watu wanavyodhani. Ukiingia Msimbati unapunguza upepo wa tairi, kutoka presha 35 hadi 18 hivi, ili tairi ilale na kuelea. Tairi ikilala inagusa ardhi sehemu kubwa zaidi, na kuigeuza inakuwa shughuli. Ukifunga tairi pana na rimu iliyotokeza nje, mambo yanazidi: tairi haigeuki tena pale pale iliposimama, inachora upinde kuzunguka mguu wake, yaani kiungo kinachoibeba na kuigeuza, na kila kisiki kinapata wenzo mrefu wa kuupiga usukani. Boksi la kiwandani lilipigiwa hesabu ya 7.50R16, tairi nyembamba ya kwenda juu. Aliyebadilisha tairi amebadilisha mzigo, na hapo si ajabu akafikiria kubadilisha mbebaji.

Shida ni kwamba boksi kubwa halifanyi kazi peke yake. Nguvu yake inatokana na presha ya oili ikisukuma uso wa pistoni: pistoni ikiwa pana, presha ile ile inatoa nguvu zaidi. Lakini pistoni pana inataka oili nyingi zaidi ili isogee umbali ule ule, na pampu ya zamani inaleta kiasi kile kile ilichozoea. Matokeo yake ni gari lenye steringi laini ukigeuza polepole, ila ukikata kwa haraka, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, usukani unagoma katikati kama umegonga ukuta. Oili haijafika. Kwa hiyo anayenunua boksi kubwa ajue ananunua na pampu, hozi za presha, na kipoza oili cha kukaa mbele ya radieta. Hapo ndipo bei inapopanda ngazi, na hapo ndipo wauzaji wengi wanaponyamaza.

Ipo njia ya katikati ambayo rafiki yangu ameipenda: boksi linatobolewa, mabomba mawili yanapelekwa kwenye silinda ndogo ya haidroliki iliyofungwa kwenye tairodi, ile rodi inayounganisha tairi mbili za mbele. Silinda inasukuma, boksi linaongoza. Kitaalamu ni wazo zuri, kwa sababu mzigo mkubwa hauendi tena kwenye shafti ya boksi wala kwenye chasisi. Tena muunganiko wa chuma kutoka kwenye usukani hadi kwenye tairi unabaki, kwa hiyo oili ikimwagika bado unaweza kuongoza gari, kwa jasho. Mifumo ya haidroliki tupu isiyo na muunganiko huo ni ya mashindano, si ya kushuka mteremko wa Newala na abiria nyuma. Ila fimbo ya silinda hukaa nje, chini, uchi. Msimbati ina mchanga na hewa ya chumvi, Liwale ina visiki. Fimbo ikipata mkwaruzo mmoja, oilisili, ule mpira unaozuia oili isivuje, inaanza kulia machozi, na kuipata nyingine Lindi au Masasi si jambo la mchana mmoja.

Halafu kuna suala la upande. Sisi usukani wetu uko kulia. Maboksi mengi yanayosifiwa kule Marekani yametengenezwa kwa usukani wa kushoto, yakae ubavu wa kushoto wa chasisi. Ukilihamishia kulia bila kujua unachofanya, unaweza kugeuza usukani kulia na tairi zikaenda kushoto. Hata pale linapokubali, mkono wa boksi, ule unaosukuma rodi ya kwenda kwenye tairi, unaangukia pembe tofauti na ule wa kiwandani, rodi inakaa mshazari, na springi zikipanda na kushuka gari linajigeuza lenyewe kila shimo. Barabara ya vumbi yenye mawimbi unaitambua mapema hiyo. Anayelazimika kuagiza nje atazame nchi za usukani wa kulia, Australia kwa mfano, ambako mkonga ni gari la kazi za shamba kama lilivyo huku.

Sasa fundi. Hoja yake ni ya kizamani, na mimi naiona nzito: watu wanalaumu boksi kwa dhambi za jirani zake. Alituonyesha. Mmoja akae ndani, injini inawaka, achezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwingine alale chini aangalie kiungo kimoja baada ya kingine: shafti inayoingia kwenye boksi, inayotoka, rodi, tairodi endi, yaani viungo vya ncha za tairodi, hadi beringi zinazobeba mguu wa tairi. Pale ambapo upande mmoja unatikisika na wa pili umetulia, ndipo penye plei, yaani ulegevu. Kwenye gari hili tairodi endi mbili zilikuwa zimekwisha na bushi za springi za mbele zimeliwa, ekseli yenyewe inahama. Ungefunga boksi la ndege hapo, gari lingeendelea kuyumba. Mwenye gari alikuwa ameshafunga shokapu nene ya steringi ili kuficha mtikisiko, jambo ambalo ni sawa na kuongeza sauti ya redio ili usisikie injini inagonga.

Fundi ana jingine ambalo wapenda pawa, yaani steringi inayosaidiwa na oili, hawapendi kulisikia. Kwenye mchanga mzito, steringi laini sana inakudanganya. Unageuza, tairi zinageuka, gari linaendelea mbele moja kwa moja kama jembe, na mikono haikuambii chochote. Zikipata ardhi ngumu ghafla, gari linaruka pembeni. Boksi zito kidogo linakuonya. Na lile la kasi, ambalo mizunguko mitatu au chini ya hapo inakufikisha mwisho hadi mwisho, ni tamu kwenye kona za msituni lakini kwenye lami ya kwenda Dar ukipiga chafya umehama upande.

Hapa fundi namkatalia kidogo. Anazungumza kama mtu aliyekulia kwenye Land Rover 109, zile zisizo na pawa, ambazo wazee wanasimulia zilivyopandisha abiria Newala. Mbinu zake ni za kweli: kidole gumba kikae juu ya usukani, kisiingie ndani ya spoki, maana jiwe moja likiipiga tairi spoki inakivunja. Usigeuze gari likiwa limesimama. Lakini mikono ile ilikuwa ya kila siku. Mwenye Land Rover ya namna hiyo leo, anayekwenda Liwale mara tatu kwa mwaka, ana haki zaidi ya kutafuta boksi la pawa kuliko rafiki yangu ambaye tayari analo.

Kwa mkonga huu, mimi ningeanza na tairodi endi na bushi, kisha boksi la kiwandani lilelile likarabatiwe, au mtumba wa gari la familia hiyo hiyo kutoka maduka ya Ilala pale Dar. Mtumba nao una kamari yake: skrubu ya juu ya boksi ikiwa imekazwa kupita kiasi ili kuficha plei, litaonekana zima mezani na litakuwa gumu barabarani, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Uzungushe mwanzo hadi mwisho kwa mkono kabla ya kulipa. Na chochote kitakachofungwa, chasisi iangaliwe pale boliti za boksi zinapopita. Pakiwa na ufa, pachomelewe na kuwekewa bomba la chuma ndani ya tundu ili boliti isiibinye chasisi. Boksi kubwa kwenye ufa linaukuza ufa haraka zaidi.

Jumatatu linafunguliwa. Fundi atapitisha kucha kwenye shafti ya chini, mahali oilisili inapokaa. Kucha ikiteleza, rafiki yangu ananunua oilisili mpya na oili, basi. Ikikwama kwenye mifereji ya kutu, oilisili mpya itavuja tena kabla ya mwezi, na hapo hoja ya kutafuta boksi jingine inarudi mezani kihalali. Tairi za inchi 33 zenyewe zimeshafika. Zimelazwa pembeni ya ukuta, na mbuzi wa jirani amezifanya kitanda.