Subiri Kamisheni Iingie

Juzi nilipewa cheti cha muuzaji bora wa robo mwaka. Makofi yakapigwa, meneja akanipigapiga begani, nami nikatoa lile tabasamu langu la kazini. Kesho yake asubuhi ubao wa mauzo ulikuwa umefutwa. Mbele ya jina langu sifuri, sawa na kijana aliyeanza kazi Jumatatu. Wala sikukasirika, na hilo ndilo lililonishtua.

Nilipomwambia rafiki yangu kwamba nafikiria kuondoka, hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Kamisheni yako ya mwisho imeshaingia?"

Swali la busara kabisa. Limenichefua mpaka nimekaa kuandika.

Kamisheni ya mwisho haipo, jamani! Mnaoifanya kazi hii mnaijua hesabu yake. Unauza leo, mteja analipa akipenda, kamisheni inaingia mwezi ujao au ule wa pili, na bonasi haihesabiwi mpaka robo ifungwe. Hela inapoingia, tayari una mikataba mingine mitatu imeiva nusu. Utamwachia nani? Unasubiri. Hiyo ikifungwa, kuna mingine. Mara Desemba hii hapa, na mwenye akili gani huondoka kabla ya bonasi ya mwaka? Januari unaanza na sifuri, lakini kuna mteja mmoja mkubwa amesema "nipigie wiki ijayo". Katika miaka sita sijauona mwezi ambao kuondoka kusingekuwa hasara. Sisi ambao kutwa tunawaambia watu ofa inaisha Ijumaa, tunauziwa ujanja uleule kila robo, na tunanunua bila hata kuomba punguzo.

Ndiyo maana "subiri wakati mzuri" siuhesabu tena kuwa ushauri. Ni "usiondoke" iliyovalishwa suti.

Mwanauchumi Steven Levitt, alipokuwa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahi kuwaalika watu waliokwama kwenye maamuzi makubwa, kuacha kazi kukiwemo, warushe sarafu kwenye tovuti yake. Miezi sita baadaye, waliofanya mabadiliko walisema wana furaha kuliko waliobaki walipokuwa. Sisemi urushe sarafu. (Mimi nilirusha. Ikaniambia nibaki. Nikarusha tena.)

Haya, nakubali: mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto haishi kwa hasira. Weka akiba kwanza. Lakini kiasi chake kiandike mahali, kwa wino, maana mimi nilikifikia mwaka juzi, nikakipandisha, nikakifikia tena, nikakipandisha. Hata lengo langu mwenyewe nililigeuza tageti.

Na wale wa "shukuru una kazi": nashukuru. Hata meno yangu nayashukuru, na bado yakiuma naenda kwa daktari.

Aliyenimaliza ni mteja mmoja, mama wa makamo. Nilikuwa nimeshamaliza maelezo yangu yote, kalamu anayo mkononi, akaniangalia akauliza, "Mwanangu, na wewe kwako unaitumia hii?" Nikajibu ndiyo, upesi, bila kupepesa. Akaniamini, akatia sahihi. Sikuwa nayo na sikuwahi kuitaka. Nilikaa kwenye gari nikijaribu kukumbuka ni lini nilianza kusema uongo bila ulimi kusita, nikashindwa. Simu ikaita. Meneja, ananipongeza: kwa sahihi ile nilikuwa nimefikisha lengo la mwezi.

Barua nimeshaipeleka. Tarehe niliyoichagua iko katikati ya robo, wiki tano kabla ya hesabu kufungwa. Meneja aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kwa upole wa kweli kama nimekosea tarehe.