Wewe Si Ndiyo Mwenyeji?

Hili neno "mwenyeji" nimelichoka. Nina miaka 9 hapa Guangzhou nafunga mizigo ya watu, viatu, mapazia, spea za bodaboda, na kila Mtanzania anayetua uwanja wa Baiyun anashuka na sentensi hiyo hiyo mdomoni: "Wewe si ndiyo mwenyeji?" Mwenyeji atafute chumba. Mwenyeji atafute dawa ya tumbo. Mwenyeji aeleze kwa nini mvua hainyamazi. Safari hii mwenyeji akaambiwa atafute hoteli ya maana, ya Kikantoni hasa, yaani ya chakula cha wenyeji wa huku, maana shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amemaliza udaktari baada ya miaka 6, na wazazi wamekuja kutoka Same kumpongeza.

Wachina wenyewe wana usemi kwamba ukitaka kula, nenda Guangzhou. Nimeshafika, sasa niingie wapi? Kuna za kale: Tao Tao Ju ipo tangu 1880, Guangzhou Restaurant tangu 1935, Panxi ya 1947 ina bustani na vidaraja pembeni ya ziwa, unakula unatazama maji. Kuna mpya za kwenye maghorofa ya Zhujiang New Town, lifti inapanda mpaka masikio yanaziba. Na tangu 2018 Michelin, wale wenye kitabu cha kupima hoteli za chakula, nao wamekuja kugawa nyota. Mimi Michelin nawajua kwa matairi. Nimepakia matairi miaka yote hii, sijawahi kumwona fundi tairi akiulizwa ladha ya andazi.

Nikauliza watu. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Bosi wa kiwanda ninachochukulia viatu akasema: angalia wazee. Ukikuta wazee wamejaa saa moja asubuhi na magazeti yao, ingia. Ukikuta vijana wanakipiga picha chakula mpaka kinapoa, geuza. Mke wangu akasema angalia choo. Shemeji akasema angalia mwanga, kwa ajili ya picha za joho. Mimi nilikuwa naangalia bei, ila hilo sikumwambia mtu.

Halafu kuna baba mkwe.

Baba mkwe ni Mpare, Msabato wa kuzaliwa, mzee wa kanisa. Mtu mpole sana, hana neno na mtu. Ila Jumamosi hatoki kwenda kununua chakula, hata mwanawe awe daktari mara mbili. Nguruwe hali. Cha majini kisicho na mapezi na magamba hali, maana yake kamba, kaa na chaza wote nje. Na majani ya chai hanywi. Kwake chai ni mchaichai, tena umechumwa nyuma ya nyumba.

Sasa nisikilize vizuri. Chakula chenyewe cha asubuhi cha Wakantoni kinaitwa yum cha. Maana yake nini? Kunywa chai. Nimempeleka mtu asiyekunywa chai kwenye shughuli inayoitwa Kunywa Chai. Na hivyo vitafunwa vinavyokuja kwenye vikapu vya mianzi, dim sum, vinavyoleta heshima ni viwili. Kuna har gow, kile cheupe kinachong'aa, ngozi nyembamba mpaka unaona cha ndani, na mpishi anapimwa kwa mikunjo, isipungue saba. Ndani ni kamba. Na kuna siu mai, kile cha njano kilichoachwa wazi juu. Ndani nguruwe, na kamba humo humo. Walawi 11 nzima, ile sura ya vyakula najisi, imebanwa kwenye kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda.

Na wenyeji wa hapa, wenyeji wa kweli siyo mimi, wana msemo wao kwamba kila chenye mgongo unaotazama mbinguni huliwa. Hoteli imefunguliwa kwa msemo huo. Baba mkwe amekuja na Biblia. Katikati nimekaa mimi na simu, napigia hoteli ya saba: "Samahani dada, keki ya figili ina nini ndani?" Ina soseji ya nguruwe na uduvi. Keki ya figili! Figili yenyewe haiaminiki.

"Si utafute tu vyenye kuku," mke wangu akasema kutoka jikoni. Hiyo "tu" yake nimeiweka kwenye kumbukumbu.

Nikaulizia na chumba cha faragha, sherehe ni sherehe. Chumba kipo, ila mnaokaa humo sharti mle kuanzia yuani 2,000. Yuani moja ni kama shilingi 350, kwa hiyo ni laki saba kabla hujafungua mdomo. Juu yake asilimia 10 ya huduma. Juu yake chai, na chai hapa haihesabiwi kwa birika, inahesabiwa kwa kichwa: umekaa, unalipa, unywe usinywe. Nikawaambia nyumbani kwamba ukumbini kuna hewa nzuri zaidi.

Jumapili ikafika. Kumbe Jumapili ndiyo siku Guangzhou nzima inawatoa bibi zake kwenda kula. Tulifika saa nne, tukapewa kijikaratasi cha namba, tukakaa kwenye vistuli vya plastiki mlangoni mpaka saa tano na nusu. Baba mkwe kavaa suti ya mahafali, tai imekaza, magoti yamefika kidevuni. Mama mkwe kakumbatia mkoba. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "ndani kuna msiba?"

Tukaingia. Taulo za moto, vitambaa vyeupe, matangi ya samaki yanabubujika, shemeji akaanza kupiga picha. Nikapumua. Ndipo ikaja birika la kwanza na bakuli kubwa tupu, na meza zote za jirani wakaanza kusuuza vikombe vyao, vibakuli na vijiti, na kumwaga maji kwenye bakuli. Hapa ni desturi, hata hoteli iwe ya dhahabu. Nikaanza kusuuza na mimi.

Baba mkwe akatazama kwa muda. "Mkwe, hii hoteli umesema ni ya gharama?"

"Ndiyo, baba."

"Na vyombo tunaosha wenyewe?"

Nikamweleza kwamba ni mila. Akaitika kwa kichwa, kile kichwa cha mzee wa kanisa anayemsikiliza kijana aliyechelewa ibada.

Chai niliipangia mapema. Kuna chai ya maua matupu ya krisanthemamu, majani hakuna, Msabato anakunywa na dhamiri yake inalala. Wanaiita guk fa. Bahati mbaya Kichina changu ni cha sokoni, cha kubishania bei ya katoni, na yule mama mhudumu alikuwa anaongea Kikantoni kitupu, ukumbi unavuma kama stendi. Nikasema guk fa. Akasema neno. Nikasema ndiyo. Akaleta birika, nikamimina, ikatoka rangi ya kahawa. Nikajiuliza mbona maua yamekuwa meusi hivi. Baba mkwe akaonja, akafumba macho. "Haya maua yamekomaa," akasema, akasogeza kikombe niongeze.

Kuongeza nako kuna utaratibu. Ukitaka maji ya moto hupigi kelele, unaacha kifuniko cha birika kimekaa upande, mhudumu akipita anaona anajaza. Nikakiweka upande. Mama mkwe akakifunika. Nikakiweka upande tena. Akakifunika, akakipigapiga na kidole kikae vizuri. Wahudumu wanapita, wanaona birika limefunikwa, wanaenda zao.

"Mama, tukiache wazi kidogo."

"Mwanangu, chombo hakiachwi wazi. Inzi."

Inzi hakuwepo hata mmoja ghorofa ya tano, lakini nani anabishana na mama mkwe mbele ya watu? Nikawa nainuka mwenyewe na birika kufuata maji, nimevaa koti, kama kijana wa zamu.

Vikapu vikaanza kushuka. Nilikuwa nimechagua kama mtu anayetegua bomu: chapati laini za mchele zilizofungwa nyama ya ng'ombe, maandazi ya mvuke yenye kastadi ya yai, mboga za majani, na miguu ya kuku. Kila kikapu kina vipande vinne. Nne hiyo hiyo ambayo Wakantoni wanaikimbia kwa sababu inatamkwa kama kufa, mpaka majengo mengine hayana ghorofa ya nne, lakini kwenye kikapu haina neno. Sisi tuko watano. Hesabu hiyo haina ugumu wowote, mwenyeji hali.

Isipokuwa miguu ya kuku. Hiyo waliniachia yote.

Ngoja niseme kuhusu hiyo miguu. Hapa wanaiita kucha za ndege wa hadithi, feniksi. Inakaangwa kwanza, inalowekwa mpaka ngozi ivimbe na kukunjana, halafu inapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Ni mitamu, sisemi uongo. Ila kikapu ni yuani 36, ambayo ni shilingi 12,600, kwa miguu ambayo Dar inauzwa kwenye karai kituo cha daladala na pilipili unapewa bure. Na kwetu mkwe anapewa firigisi. Mguu anapewa mtoto aliyetumwa dukani.

Na mguu hauliwi kwa adabu, hata uwe balozi. Unaukamata na vijiti, unateleza. Unaukamata tena, unauingiza wote, unaunyonya, mifupa midogo inaachana mdomoni mmoja mmoja, halafu unaitema pembeni ya sahani: tk, tk, tk. Mbele ya mama mkwe. Mimi miaka yote ya ndoa sijawahi kutafuna mbele ya huyu mama bila kufunika mdomo. Nikautia mdomoni, nikainua macho, nikakutana na ya kwake, na mifupa iko humo, minane au kumi, siwezi kuimeza wala kuitema. Nikatabasamu. Mke wangu akaangalia pembeni.

"Wali bado?" mama mkwe akauliza.

Alikuwa ameshauliza mara ya pili hiyo. Wali upo, uliofungwa kwenye jani la yungiyungi, unanukia mpaka meza ya tatu, ila ndani wamechanganya kuku na nguruwe na uduvi, ndugu wa damu. Wali wenyewe mtupu wa kukaanga wanauleta mwisho, ndiyo taratibu yao, mgeni ashibe vitu kwanza. Kwa mama mkwe hiyo ni kusema tumekaa saa nzima tunakula kachumbari, chakula hakijaja.

Kilichoniokoa ni samaki. Sherehe bila samaki mzima siyo sherehe, nikaagiza chewa. Hapa kabla hajapikwa wanakuletea umwone, yu hai, anarukaruka kwenye mfuko. Baba mkwe akasimama. Akavaa miwani. Akauliza kama anaruhusiwa kumgusa, akapitisha ukucha wa dole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani, pole pole, na ukumbi mzima nahisi ulinyamaza.

"Magamba anayo," akatangaza. "Mapezi yapo. Mpeleke."

Yule mhudumu aliondoka kwa heshima ambayo mimi sijapewa miaka 9. Nadhani alidhani mzee ananunua kwa tani. Bei ilikuwa yuani 98, baba mkwe akaiona ubaoni, akaisifu. Sikumwambia kwamba ubaoni ni bei ya jin, yaani gramu 500, na yule chewa alikuwa mtu mzima.

Akaja amelala kwenye mvuke, tangawizi na vitunguu majani juu, kichwa kimemtazama mgeni mkubwa. Nyama inaachana yenyewe. Kwa mara ya kwanza meza yangu ikanyamaza kwa kula. Upande wa juu ukaisha, mama mkwe akashika kijiko ili amgeuze, na mama mhudumu akatoka mbio toka kwenye matangi, mikono juu, "Aiya, aiya!" Kwa watu wa pwani hii kumpindua samaki ni kupindua mashua. Unanyofoa uti wa mgongo kwanza, ndiyo unafika chini. Nikatafsiri.

Mama mkwe akanisikiliza mpaka mwisho. "Waambie Same hakuna mashua," akasema, akamgeuza.

Ikaja bili. Meza ya jirani wanaume wawili walikuwa wanagombea kulipa, wameshikana mikono mpaka simu ya mmoja imeangukia kwenye mchuzi. Nikageukia meza yangu. Shemeji alikuwa anachagua picha. Baba mkwe alikuwa anatazama matangi. Nikaisoma bili mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta ndugu kwenye orodha, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa chai, vichwa vitano. Herufi ya krisanthemamu ilikuwepo. Pembeni yake ilikuwepo nyingine. Guk po. Nusu maua, nusu pu'er, majani ya chai ya Yunnan yaliyochachushwa mpaka yamekuwa meusi. Baba mkwe alikuwa kwenye birika la tatu.

Nikalipa. Nikaikunja ile karatasi ndogo sana.

Usiku saa nane naamka kunywa maji, nakuta taa ya sebuleni inawaka. Mzee amekaa wima kwenye kochi, miwani usoni, Biblia mapajani, macho yanang'aa kama ya kijana.

"Shikamoo baba, hujalala?"

"Marahaba mkwe. Usingizi sijui umekwenda wapi, ila mwili mwepesi! Nimesoma Walawi yote, niko katikati ya Hesabu." Akafunga kitabu na kidole ndani. "Yale maua, mkwe, ni dawa. Kesho unitafutie kilo mbili. Kuna wazee wenzangu kule kanisani wanasinzia sana kwenye mahubiri."