Tuanze na godoro kwanza

Nimeisoma hii ya yule Mholanzi aliyepooza, Gert-Jan Oskam, aliyewekewa vifaa kwenye ubongo na kwenye uti wa mgongo kule Lausanne, Uswisi, mpaka akatembea, nimefurahi sana tu ila watu mnaandika "dawa ya kupooza imepatikana" jamani tulieni. Yule alipata ajali ya baiskeli 2011, utafiti ukatoka kwenye jarida la Nature 2023, hapo katikati ni miaka ya mazoezi. Kilichonishtua mi ni kwamba hata mashine ikizimwa anapiga hatua kwa magongo, yaani neva zilizobaki zikifanyishwa kazi zinaamka, kwa hiyo mazoezi sio geresha.

Sasa huku kwetu, kaka yangu alidondoka kwenye mwembe, waliomuokota wakambeba juu juu kama gunia wakampakia bodaboda katikati ya watu wawili, sijui kama uti haukumalizikia palepale. Hospitali wakatupa ruhusa bila hata mtu mmoja kutuambia mgonjwa aliyepooza hivi anageuzwa kitandani kila masaa mawili, kidonda cha makalioni kikafika kuingia ngumi. Mama ndo kaja kufundishwa na jirani, usiku anatega alamu kwenye simu, anaamka, anamgeuza, anammulika visigino kwa tochi aone kama pamekuwa pekundu. Kaka anahitaji godoro la hewa na mtu wa mazoezi wa karibu, hizo chipu za ubongo baadaye. Na bei ya mipira ya mkojo mnaijua lakini?